Mbwa Aliyejifunza Kumenya Mahindi

Mtu akiniambia mbwa hana akili, nampa mgongo. Najua hajawahi kufuga, au alifuga akamfunga kamba mpaka akili ikalala. Mimi nimeishi na mbwa aliyeniumbua mbele ya kijiji kizima, na hadi leo nikimkumbuka nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Kabla ya vijiji vya ujamaa tuliishi vilimani, upande wa Munisagara, nyumba yetu peke yake katikati ya shamba. Mbwa wetu alikuwa na kazi kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Asubuhi alifukuza nyani, mchana ngedere, usiku nguruwe. Lori lilipokuja kutuhamishia kijiji kipya, njia ya kwendea Mikumi, yeye hakupakiwa. Alitufuata kwa miguu. Alifika siku ya pili, kucha zimechubuka, akaanguka miguuni pa baba akalala. Alipoamka, masikini, akakuta hana kazi.

Nyumba za kijiji zilipangwa mistari miwili, mlango unatazama mlango. Shamba lilikuwa la wote, kule ng'ambo ya kijito, na baba akapewa kazi ya kulilinda mchana. Mbwa hakuruhusiwa kumfuata, eti atakanyaga miche ya watu. Basi akabaki uani akihangaika. Alichimba mashimo. Alitafuna mpini wa jembe. Alipasua mkeka wa jirani. Halafu, lo! akachukua kiatu kimoja cha balozi wetu, mzee aliyesimamia nyumba zetu kumi, kile kiatu cha ngozi alichokivaa siku za mikutano Kilosa tu, akakirudisha nusu.

Balozi alikuja na kile kiatu mkononi. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyotutisha.

"Ndugu," alimwambia baba mbele ya nyumba zote kumi, "huyu afungwe. Akifanya kosa jingine, ni mkuki. Umekubali?"

"Nimekubali," baba akasema. Na baba alikuwa mtu ambaye neno lake likishatoka halirudi. Nililia hadi mama akanitishia mwiko.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Shule tuliingia asubuhi, saa sita niko nyumbani, na kila nikirudi namkuta mbwa anazunguka mti wake, anazunguka, anazunguka, ardhi imekwisha kuwa njia. Nikasema, hapana. Huyu haumwi na kamba. Anaumwa na kukaa bure.

Ndipo nikaanza kumtungia mafumbo. Nilianza na kibuyu kilichopasuka shingo: nilitoboa tundu ubavuni, nikatia ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, wale dagaa wa Kigoma waliokuja kwa treni. Nikamrushia. Jamani! Alikinusa, akakisukuma, kikabingirika, punje ya ukoko ikadondoka. Akasimama. Akakitazama kibuyu, akanitazama mimi. Akakisukuma tena! Nilirukaruka pale uani nikipiga vigelegele kama harusini.

Tangu siku hiyo sikulala vizuri kwa kuwaza fumbo la kesho. Niligeuza vifuu vitatu chini juu, kimoja kina dagaa. Siku ya kwanza alivipindua vyote, siku ya nne alinusa akachagua. Nilimsukia fundo la katani kubwa kama ngumi, akakesha nalo. Mashimo yakakoma na mipini ikapona. Mama, aliyekuwa mkali wa mambo ya najisi, alinisimamia kila jioni kando ya mtungi: nioshe mikono mara saba, moja kwa udongo. Nilikuwa na mikono safi kuliko mkunga.

Halafu nikapata fumbo lililoyapita yote, na kwa fumbo hilo nikajichimbia kaburi. Nilichukua gunzi kavu, nikalibandika kichwa cha dagaa, nikalifunika tena kwa maganda yake ya mahindi na kulifunga juu kwa uzi wa katani. Mbwa alipambana nalo mchana kutwa. Kesho yake akagundua: unalikanyaga chini kwa mguu mmoja, unavuta ganda kwa meno ya mbele, moja moja, taratibu, hadi likae wazi. Mimi mwenyewe sikuwa namenya vizuri namna ile. Nilimtengenezea mengine, na mengine, wiki nzima. Nilikuwa na furaha, wallahi, naona kama nimefungua shule.

Mchana, nikienda kijitoni kuchota maji, nilimfungua kwa siri anyooshe miguu. Wakati ule baba anakuwa amerudi kula na kusali adhuhuri, shamba halina mtu. Mbwa alikuwa akipotea kidogo ng'ambo, nikijaza ndoo anarudi. Nilidhani anafukuza panya.

Siku moja baba akaacha kurudi adhuhuri. Alisema atasalia shambani, apelekewe chakula. Sikuuliza. Mtoto aulize nini?

Baada ya siku mbili kengele ikagongwa, tukaitwa sote shambani. Balozi alisimama kwenye mstari wa mahindi, na nyuma yake mabua kama arobaini yameinamishwa kwa kukanyagwa, mahindi yamemenywa yakiwa yangali juu ya mabua, punje nje kwa ndege na mvua.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumeweka mlinzi. Mlinzi analala. Nyani wanamenya chakula chetu yeye anakoroma. Mzee, una la kusema?"

Baba alitazama chini. "Sina," akasema.

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akatema mate kando. Wakaanza kusema aondolewe, apewe kazi ya kuzoa samadi, na jina lake lisomwe kwenye mkutano mkuu kama mvivu. Baba yangu! Mtu aliyeamka kabla ya majogoo tangu nimjue! Damu ilinichemka. Nikajipenyeza hadi mbele, na hapo nikayaona mahindi kwa karibu. Hakuna punje hata moja iliyoliwa. Maganda yamevutwa moja moja, taratibu, yananing'inia chini yote mazima.

Nyani hamenyi hivyo. Nyani anapasua, anakula, anatupa. Nilimjua fundi wa kazi ile, nami ndiye niliyemfundisha.

Nikisema, mbwa anakufa. Nikinyamaza, baba anakuwa mvivu maisha yake yote. Nilimtazama baba. Alikuwa akinitazama, na alitikisa kichwa kidogo: usiseme. Mimi nikaropoka.

"Baba hakulala! Ni mbwa! Anatafuta dagaa!"

Kicheko kilichoangushwa pale nadhani kilifika Kidodi. "Mbwa amenye mahindi? Thubutu!" balozi akasema. Nilishikwa na hasira, nikakimbia hadi nyumbani, nikarudi na mbwa. Balozi akavunja hindi akamtupia. Mbwa akalikanyaga, akavuta ganda la kwanza. Kicheko kikakatika. La pili. La tatu. Alipofika kwenye punje akanusa, hakuona dagaa, akainua kichwa akamtazama balozi kwa lawama kama mtu aliyepunjwa dukani. Weee! Watu walishikana mabega wakicheka, mama yangu akafunika uso kwa kanga.

Balozi ndiye hakucheka. Alimgeukia baba. "Wewe ulijua?"

"Nilijua," baba akasema. "Nilimwona siku tatu zilizopita nikirudi kutoka kula, kwa macho yangu. Tangu hapo sijatoka shambani hata kwenda kusali, na halijamenywa hindi jingine."

"Ukanyamaza tukuite mvivu?"

"Ningesema, ningelazimika kumuua. Nimetoa neno. Kuitwa mvivu, mzee balozi, hakumuui mtu."

Nililia pale pale mbele ya watu, sikuona haya. Balozi alimtazama mbwa, akatazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa imevaa makubazi kwa sababu ya mbwa yule yule.

"Arobaini kwa wiki," akasema mwishowe. "Wanangu mimi hawafikishi. Neno lako nakurudishia. Mpeleke alinde na wewe, hapa hapa, umwone. Na wewe binti, magunzi marufuku!"

Kesho yake alfajiri baba alichukua rungu lake, mbwa akawa anamzunguka, mkia wote unacheza, analia kwa furaha. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu cha fumbo mkononi, nina furaha ile ile. Walipofika karibu na njia baba akarudi. Akanyoosha mkono kukipokea kibuyu nilichokishika, akakitikisa sikioni.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Leo umemfichia nini?"

"Ukoko, na vichwa viwili."

Akafikiri, yeye ambaye hakuwahi kuniuliza habari za michezo yangu. "Ongeza cha tatu," akasema. "Shamba ni kubwa, na mwenzangu alikaa bure muda mrefu."