Michubuko Iliyonipeleka Toronto

Nilikwenda Toronto kumchukua mwanangu, ingawa kwenye fomu ya viza niliandika nakwenda kumsalimia. Mara tatu kwenye simu ya video nilimwona Rehema na michubuko mikononi, na kila mara alisema hajui imetoka wapi. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini, sidanganywi kirahisi. Nilijua ni mumewe.

Jumamosi mchana nilitua. Mkwe wangu, Yona, alinipokea akitazama chini, akachukua sanduku akatangulia. Kwetu mkwe mwenye adabu hamkazii macho mama mkwe, lakini siku ile adabu yake niliiona hatia. Hadi kwenye ghorofa lao la Flemingdon Park sikumwambia zaidi ya "ahsante".

Siku nne nilitega sikio ukutani. Ya tano ikatokea alama mpya pajani kwa Rehema, na Yona alikuwa kazini Downsview tangu alfajiri. Hata hapo sikushawishika.

"Alikupiga jana," nilisema.

Rehema akalia. "Mama, hajawahi kunigusa! Kesho nina miadi hospitali. Twende ukajisikilizie."

Asubuhi yake tulipanda basi. Daktari wa damu alikuwa Bi Shirin, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake safi.

"Karibu, mama. Naomba na damu yako, tulinganishe."

Nilirudisha mkono. Damu yangu ya nini, kama si njama ya kumficha mtu? Nilitoa kwa hasira tu.

Wiki tatu baadaye alituonyesha picha za hadubini. Chembe zinazogandisha damu, alieleza, humeguka kutoka kwenye seli kubwa zilizo ndani ya uboho wa mifupa. Seli hizo hutengeneza kwanza vifuko vidogo vyenye vitu vya kuziba jeraha, kisha huvisukuma ndani ya chembe zinazokaribia kumeguka. Chembe ya mtu mzima wa afya ilijaa madoa ya vifuko hivyo, kama papai lenye mbegu. Ya Rehema ilikuwa karibu tupu, ndiyo maana hata kugusa meza kulimwachia alama.

"Na hii ya tatu?"

"Yako, mama. Nayo ina vichache. Hali hii ameirithi kwako."

Niliona aibu hadi nikakosa pa kutazama.

Siku ya kuondoka, uwanjani, nilimshika Yona mkono, jambo ambalo mama mkwe wa kwetu hafanyi.

"Baba, nisamehe. Nilidhani unampiga."

Hakuinua macho. "Nilijua, mama. Ulimwuliza kila siku kwenye simu, mpaka nami nikajishuku. Kabla hujaja nililala sebuleni miezi mitatu. Niliogopa labda nampiga usingizini."

Nilipofika Morogoro, dada zangu walikuwa wananisubiri wajue mkwe anaishije na mtoto wetu. Niliwaambia ugonjwa umetoka kwangu, na aliyeiumiza nyumba ile ni mimi.