Bunduki Iliyovaa Sare

Jamani, nichekeni, nimeyataka mwenyewe. Baba alipohamia kwetu hapa Rexdale, Toronto, alikuja na picha yake ya ujana, ameshika bunduki ya jeshi. Haachi kuitazama. Basi mimi, kwa kiherehere changu, nikahangaikia kibali, nikaenda duka la silaha za zamani, nikanunua inayofanana nayo kabisa. Muuzaji alinieleza mengi. Nikawa naitikia tu, nisionekane mshamba.

Jumapili nikapika pilau, nikaalika watu wa kanisani. Mume wangu akawasha kamera, video iende kwa ndugu zetu Iringa.

"Baba, silaha yako imekurudia!"

Vigelegele! Baba akaipokea, akachungulia tundu la mtutu.

"Mwanangu, tundu dogo hivi? Hii ni ya kupigia sungura. Kwa nje imevaa sare ya jeshi tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na kamera bado inarekodi.

Baba akaona machozi yananilenga. Akanivuta ubavuni kwake, akawageukia wageni.

"Hata mimi nilivaa sare tu. Ile bunduki ya kwenye picha niliazima. Jeshini nilikuwa mpishi."