Mstari Uliofutika Kwenye Jani la Maharagwe

Wacha niseme wazi: bado nina hasira. Tulikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Ruiri, mimi na rafiki yangu wa dawati moja. Githeri tulikula sahani moja. Mwalimu wa bayolojia alisema ni mmoja wetu tu atakayeenda Embu kwa mashindano ya sayansi, na mimi Embu niliisikia tu redioni. Nilitaka kwenda mpaka usingizi ukanihama.

Jaribio nililibuni mimi, nikamfundisha rafiki yangu. Zile chembe za kijani ndani ya jani, kloroplasti, huwa zinatembea. Jua likiwa kali, zinakimbilia kuta za kando za seli kujificha, na jani linapauka. Kivulini zinatandaa tena ili zipate mwanga. Basi unafunika jani la maharagwe kwa ukanda wa ganda kavu la mgomba, unaliacha juani asubuhi nzima. Ukifunua, palipofunikwa pana mstari uliokolea kijani. Lakini uangalie upesi! Jua likipapiga kidogo, mstari unafutika.

Siku ya kuchaguliwa kila mmoja alileta mmea wake kwenye mkebe. Zamu yangu ya kuosha masufuria ikafika, nikamwachia rafiki yangu mmea wangu auchunge. Ningemwachia nani mwingine?

Walimu walipokuja nilifunua jani langu kwa madaha. Lote limepauka, hakuna mstari. Ai! Nikageuza mkebe huku na huku kama mjinga. Halafu nikaona: ukanda ule niliubana kwa miiba miwili, sasa ulikuwa na mmoja.

"Mwalimu, mstari ulikuwa hapa, haki ya Mungu!"

"Msichana, sayansi haiapiwi," akasema, na darasa zima likacheka. Rafiki yangu akafunua lake. Mstari huo, umekolea! Akapigiwa makofi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Jioni nilimkuta kwenye kamba ya nguo akianua sare ya kwendea Embu.

"Ulilifunua jani langu likapigwa na jua, ukalifunika tena."

Hakukana. "Ungenishinda. Hata wewe ungenifanyia hivyo."

"Mimi? Mimi nisingekufanyia."

"Najua," akasema, akaendelea kukunja sketi.