Mpangaji wa Ziwani Aapishwa Skotlandi

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, pale mtaani Mbotela, nikingoja kuchapishiwa barua, mama mmoja mzee alipoingia amevaa gauni lake la kanisani. Alimwomba mwenye saiba amfungulie kwenye kompyuta bunge la Skotlandi, ambako wabunge wapya walikuwa wakiapishwa.

"Shosh, kwani una mtu huko?" mwenye saiba akamuuliza bibi huyo.

"Mpangaji wangu. Alikuwa mwalimu hapa, akakaa kwangu Ziwani miaka miwili. Aliporudi kwao akaingia chama kinachotaka Skotlandi ijitawale. Amegombea mara tatu akaangushwa, na kila mara alinipigia simu akilia. Nikamwambia apanguse uso, arudi kwa watu. Safari hii wamempa."

"Lakini Skotlandi si ni Uingereza tu?"

Mama alivua miwani. "Usije ukamwambia hivyo."

Mara akatokea kwenye skrini mwanamke mwenye nywele za mvi, mkono wa kulia juu. Aliapa kwa Kiingereza, kisha akarudia kiapo chote kwa Kiswahili, polepole, bila kubabaika. Mama alikuwa akikitamka naye, neno kwa neno.

"Tumekifanyia mazoezi kwa simu wiki nzima," akatuambia, machozi yakimtiririka. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukapiga makofi mpaka wapita njia wakachungulia.

Baadhi ya wabunge wetu nao huapa kwa Kiswahili kila baada ya uchaguzi. Bado sijaona mtu wa Mbotela akivaa gauni la kanisani kwenda kuwasikiliza.