Nasaba ya Komiki za Babu

Mgeni wetu alikuwa na saa nne tu. Meli yake ya watalii ilikuwa imetia nanga Bandari ya Sultan Qaboos tangu asubuhi, na abiria walitakiwa wawe wamerudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Wenzake walikwenda sokoni Matrah kununua ubani. Yeye alikodi teksi mpaka kwetu Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, kuja kuona kasha la babu yangu.

Ndani ya kasha mlikuwa na komiki mia tatu na kumi na mbili. Ni majarida ya katuni ya Kiingereza, yaliyokuwa yakitoka kila wiki, na babu aliyanunua Unguja alipokuwa mvulana. Alipohamia Maskati na familia yake changa, watu walibeba dhahabu na mikeka, yeye akabeba kasha. Mimi nimekua nalijua kama nilijuavyo friji: lipo. Watoto hatukuruhusiwa kuligusa, na kwa kuwa hatukuruhusiwa, hatukulitaka.

Kisha macho ya babu yakaanza kufa katikati. Daktari alimweleza kwamba pembeni ataendelea kuona, lakini kile anachokitazama hasa kitafutika. Babu aliyapokea maneno hayo kwa mzaha. "Nnakuona masikio, mwanangu. Uso wako sijui kaushika nani." Wiki hiyo hiyo akaniita chumbani, akaliwekea kasha mkono.

"Nikifa mtazigawa kama nyama ya akika. Huyu paja, huyu mbavu. Nitafutie mtu mmoja azichukue zote, aziweke pamoja kama zilivyo. Mmoja."

Hilo tu ndilo alilotaka. Nikaanza kutafuta kwenye mtandao, nikampata huyu mzee Mwingereza anayenunua komiki za zamani, tukaandikiana miezi mitatu.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba komiki nazo zina nasaba. Zilipotoka hazikuwa na thamani yoyote. Zilifungiwa karanga, zilichanwa, mama wa watu walizitupa watoto walipokwenda shule. Kwa hiyo iliyobaki safi imebaki kwa bahati, na wakusanyaji wanataka kujua ni bahati ya nani. Mkusanyo wenye thamani kuliko yote ni ule ulionunuliwa mpya na mtu mmoja, wiki baada ya wiki, ukakaa mahali pamoja bila kuchanganywa na mwingine. Mkusanyo wa namna hiyo hupewa jina, na jina hilo hufuatana na kila nakala popote iendapo.

"Kama kabila," nilimwambia babu. Alicheka kwa furaha. Mimi sikucheka.

Mwaka juzi walikuja watu kuniposa. Kijana mwenyewe nilimpenda. Walikula, wakasifu sambusa, kisha mama yake akauliza kwa sauti ya upole bibi yangu mzaa mama alikuwa wa watu gani kule Unguja. Tukamjibu ukweli, kwamba nasaba yake hatuijui zaidi ya mtu wa tatu. Hawakurudi. Tangu siku hiyo nikisikia neno nasaba nahisi ladha ya sambusa ile. Nimesoma kemia, nafanya kazi kwenye maabara ya kupima maji, na kazini kwetu hatuyaulizi maji baba yao nani. Tunayapima.

Basi nilimwuliza yule mzee kwa barua: kama nakala mbili ni za wino uleule na karatasi ileile, kwa nini yenye nasaba ipendwe zaidi ya pacha wake? Akajibu mstari mmoja. "Kwa sababu najua nani aliipenda kwanza." Nikaliona ni jibu la mfanyabiashara. Lakini lilinikaa.

Sharti lake lilikuwa moja. Atachukua zote kwa pamoja, chini ya jina moja la babu, iwapo babu ataandika kwamba kila nakala aliinunua mwenyewe ikiwa mpya, na mtu wa familia atie sahihi kuwa shahidi. Bila hivyo atachagua sita au saba nzuri, na zilizobaki zitabaki. Shahidi, kwa kauli moja ya nyumba nzima, nilikuwa mimi.

Sitii sahihi maji ambayo sijayapima. Nikamwomba babu ufunguo, nikazikagua komiki kwa siku tano, moja moja, taa ikiwa imelazwa ubavuni mwa karatasi.

Nilichokiona kwanza kilinifurahisha. Chini ya kila safu ya picha palikuwa na mfuo mwembamba sana, usioonekana ila kwa mwanga wa upande. Nilipomwuliza babu alishangaa kwamba nauliza.

"Kijiti cha ukuti. Si ndivyo tulivyokuwa tukisoma chuoni? Msahafu juu ya marufaa, kile kibao chake, mkono umenawa, unafuata kwa kijiti, hugusi maandishi. Basi na komiki nikasoma hivyo hivyo. Mwalimu angelijua angelinichapa."

Ndiyo sababu zilikuwa safi. Mtoto mmoja alizisoma kwa adabu aliyofundishwa kwa ajili ya kitabu kingine. Nikaandika hilo kwenye daftari langu, nikaanza kuamini.

Siku ya nne nikafika katikati ya kasha, nikakuta kumi na moja zisizokuwa na mfuo.

Zilifuatana, wiki kumi na moja bila kukatika. Badala ya mfuo zilikuwa na madoa madogo ya mafuta, manne upande wa kushoto na manne upande wa kulia, ukingoni mwa kila kurasa mbili zilizofunguka. Vidole vya mtoto. Nilijaribu kushika jarida kama msomaji, gumba langu likaangukia juu ya karatasi na vidole vikaenda nyuma. Haya yalikuwa kinyume. Sikuelewa, ila nilielewa kwamba mtoto wa kijiti hakuzisoma hizi.

"Babu, hizi kumi na moja zilitoka wapi?"

Alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe.

"Zote zangu."

"Lakini hizi hazina—"

"Nimesema zote zangu. Na usiniulize tena."

Babu yangu alikuwa hajawahi kunikataza swali. Nililelewa kwa maswali, yeye mwenyewe ndiye aliyenizoesha. Siku zilizobaki tulipishana sebuleni kama wapangaji.

Kwa hiyo mgeni alipofika saa saba, mimi nilikuwa bado sijaamua kama nitatia sahihi. Na mama akazidi kunitesa kwa ukarimu. Mgeni hawezi kuoneshwa kitu kabla ya kahawa, na kahawa hainywewi bila halua, na halua ya mama inanata kama gundi. Mzee akatazama saa. Mama akamwongezea.

"Mwambie ale, kakonda huyu. Meli haina chakula?"

"Mama, ana haraka."

"Haraka ya nini? Komiki zimengoja miaka sitini, hazingoji na halua?"

Ndipo babu akaamuru birika na beseni, mgeni akanawa mikono mara mbili, na kasha likafunguliwa. Harufu ya karafuu ikatoka. Mgeni alifumba macho, nami nikaona kwamba mtu huyu ameshaamini kabla ya kupima.

Alizitoa kwa makumi. Nilimwonesha mfuo wa kijiti kwa taa, nikamweleza chuo na marufaa. Akaniomba nirudie. Akasema hajapata kuona alama kama ile popote, na kwamba mkusanyo utajulikana kwayo. Babu alikaa wima kwenye kiti chake, akigeuza shingo pembeni kama ndege ili amwone. Kiingereza anakijua vizuri sana, lakini siku ile alisema kimeota kutu, nikawa mkalimani wa mtu anayeelewa kila neno. Hata ningetaka kupunguza au kuongeza nisingeweza.

Saa nane na nusu mgeni akafika katikati. Nilihesabu naye kimoyomoyo. Akaishika ya kwanza kati ya zile kumi na moja, akaifungua, akaitazama. Akaifunga. Ya pili hivyo hivyo. Kwenye ya tano aliona madoa, akatabasamu, akasema hata watoto wenye adabu husahau kunawa siku mojamoja. Akaendelea.

Hakuona, na macho yake ni mazima. Ameishi kwa kukagua karatasi, na hakuona kwa sababu hakutaka. Nikakumbuka wale watu wa posa, ambao walitaka kuona na wakaona.

Saa tisa alikuwa amemaliza. Alitoa karatasi mbili kwenye mkoba, moja ya babu, moja yangu. Babu akatia sahihi yake polepole, akilenga pembeni mwa mstari ili auone. Kisha kalamu ikaja kwangu.

Niliisoma karatasi yangu yote, nikairudia. Mama alisimama mlangoni na sinia.

"Andika basi, mwanangu," alisema. "Jina lako hulijui?"

Nikamgeukia babu. "Babu, siwezi."

Mgeni aliuliza kuna tatizo gani, nami sikumtafsiria, kwa sababu lile neno lilikuwa kati yangu na babu. Kiyoyozi kikanguruma. Babu alikuwa ananitazama, yaani alikuwa ametazama ukuta wa pembeni ili mimi niwepo.

Halafu akasema kwa Kiingereza, Kiingereza kisafi cha shule ya zamani kisichokuwa na kutu hata kidogo, kwamba kumi na moja kati ya hizi ni za rafiki yake.

Alikuwa mtoto wa jirani, Mgoa wa asili ya India, baba yake alikuwa na tanuri la mikate. Hakuwa akinunua komiki, alikuwa akisoma za babu, naye alikerwa sana na kile kijiti. Kisha babu akaugua homa ya matumbo. Wiki kumi na moja alilala kwenye chumba cha chini, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuingia. Kila wiki yule rafiki alinunua komiki kwa senti zake, akaja dirishani, akaifungua na kuigeuzia ndani, kurasa zikimtazama mgonjwa kitandani. Maneno aliyasema kwa moyo. Alikuwa kayahifadhi njiani, maana akiinua hivyo hakuweza kuyaona.

Niliichukua moja ya zile kumi na moja. Siwezi kusikia jambo nisilijaribu. Nikaifungua, nikaigeuza, nikamwinulia babu kama mtu aliyesimama nje ya nondo za dirisha. Magumba yangu yakaenda nyuma kwenye jalada. Vidole vinne vikaja mbele, kushoto na kulia, karibu kabisa na madoa yale. Vyangu ni vikubwa zaidi, vilipita kidogo.

Mgeni aliinuka akaja kuangalia.

"Familia yake ilipoondoka Unguja," babu alisema, "alizipitisha dirishani zote. Akasema, nishikie mpaka nirudi."

Mgeni akasema, kwa heshima, kwamba miaka sitini ni mingi. Kitu ulichokitunza miaka sitini ni chako.

"Alisema nishikie. Hakusema chukua."

Basi mgeni akajaribu njia nyingine. Ataandika majina mawili, hii ni nasaba nzuri kuliko aliyoifuata. Babu akatikisa kichwa: kuandika anaweza, kuuza cha mtu hawezi. Basi atachukua mia tatu na moja, aache pengo. Hapo babu aliipapasa ile safu mezani, akifika katikati mkono unasimama, unarudi. Nilijua anapima nini. Akikubali, nyingi zitapata mtu wa kuzitunza, na yeye atalala. Akikataa, hana mwingine, na macho hayangoji.

"Hazitengwi," alisema mwisho, kwa Kiswahili. Hilo nililitafsiri.

Mgeni hakuwa mtu mbaya. Alizirudisha mwenyewe kwenye kasha, kwa mpangilio, akanawa tena mikono ingawa hakukuwa na sababu. Saa kumi na robo teksi ikampeleka bandarini.

"Kala halua, kanawa mara tatu, kaondoka mikono mitupu," mama alisema akikusanya vikombe. "Nyumba hii ina baraka za ajabu."

Nilibaki na babu. Karatasi yangu isiyo na sahihi ilikuwa bado mezani. Niliigeuza nikaandika nyuma yake, kwa Kiswahili: mia tatu na moja za babu, alizisoma kwa kijiti, kumi na moja za rafiki yake, alizishika dirishani, zote ziko kwangu, hazitengwi. Nikamsomea. Nikatia sahihi.

"Umejitwika," alisema.

"Najua. Ulikuwa uniambie tangu siku ile uliyoniita chumbani."

"Ningekwambia, usingemwandikia barua."

Kweli nisingemwandikia. Alinijua kuliko nilivyomjua. Nilifunga kasha, nikauweka ufunguo kwenye mkoba wangu, pamoja na kitambulisho cha maabara. Kisha swali likanijia, na safari hii hakunikataza.

"Na akija mtu akasema ndiye yule rafiki yako? Nitajuaje, babu? Kila mtu anaweza kusema."

Alifikiri kidogo, shingo pembeni.

"Mpe moja ya zile kumi na moja," alisema, "umwambie akusomee."