Jioni Niliyokwenda Ayany

Chumba chetu katika mtaa wa Lindi hakikuwa na televisheni. Tulikuwa wawili, mimi na mama, tumepanga katika ploti ya mwanamke mmoja mzee wa Kinubi, na televisheni ya ploti nzima ilikuwa sebuleni kwake. Watoto wa Kinubi wa mtaa walimwita Habuba, yaani nyanya kwa lugha yao, na sisi watoto wa wapangaji tukamwita hivyo hivyo. Mama yangu, ambaye alikuwa ametoka Machakos na alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, alimwita Mama.

Ilikuwa televisheni ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na Habuba aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukiondoa. Alikikunja mara nne, akakiweka mapajani, ndipo akawasha. Jumamosi asubuhi alituwekea katuni, nasi tukakaa kwenye mkeka tukiwa tumevua viatu. Jumapili kulikuwa na vichekesho vya Kiswahili, vya mzee mbahili aliyeficha sukari chini ya kitanda asiione mkewe, na Habuba alicheka kabla mzee huyo hajafungua mdomo. Mieleka hakuipenda. Wanaume wale wakubwa walipovuliwa mashati aliinuka akaenda kukoroga uji, huku akituuliza kutoka jikoni kama wameshavaa.

Lakini kipindi chetu hasa, mimi na yeye, kilikuwa kile cha mapenzi kilichotoka nchi za mbali za Wahispania. Kilionyeshwa Jumanne na Alhamisi jioni, kikaisha kabla ya adhana ya magharibi. Midomo ya watu ilisema lugha yao na sauti zikasema Kiingereza, na Habuba hakujua hata moja kati ya hizo mbili. Watoto wengine waliona kinachosha, wakaenda kucheza. Mimi nilibaki kwa sababu aliniomba.

"Wewe unasoma," aliniambia siku ya kwanza. "Niambie wanasema nini."

Nilikuwa darasa la sita. Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu maswali ya ufahamu, si cha kufuata watu wanaolia huku wakisema haraka. Nilidaka neno moja moja: barua, kamwe, mtoto, farasi. Kwa hayo nikajenga yaliyobaki. Sikuona kwamba ninadanganya. Niliona kwamba ninasaidia, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Mtu mzima alikuwa amenigeukia, mikono imesimama juu ya ukindu aliokuwa akisuka, akingoja nitakachosema.

Tuliwaita watu wa kipindi kwa sura zao. Kulikuwa na Masharubu, tajiri aliyebomolea watu nyumba. Kulikuwa na Msichana wa Farasi, na kulikuwa na Mama wa Ngazi, mwanamke aliyesimama kila siku juu ya ngazi ya jumba kubwa akitazama watu kwa dharau. Mimi ndiye niliyeamua kwamba Mama wa Ngazi ni mama mzazi wa Msichana wa Farasi. Nilieleza kwamba amemfukuza bintiye kwa sababu ya kumpenda mchunga farasi, na kwamba msichana anaandika barua kila mwezi nazo zinafichwa kwenye kabati bila kufunguliwa.

"Hazifungui hata moja?" Habuba aliuliza.

"Hata moja."

"Kwa nini?"

"Ana kiburi," nilisema. "Lakini usiku anazinusa."

Hiyo ya kunusa niliitoa kichwani papo hapo. Habuba alishika upande wa kanga yake akajifuta macho, nami nikadhani analia kwa sababu nimesimulia vizuri.

Sikujua kwamba alikuwa na binti. Watu wazima wa ploti walijua, mama yangu akiwemo, lakini mambo hayo hayakusemwa mbele ya watoto. Binti huyo alikuwa ameolewa na Mkristo mmoja fundi seremala kutoka Kitui, wakahamia Kawangware, na Habuba alikuwa amesema mbele ya ndugu zake kwamba jina la msichana huyo lisitajwe tena nyumbani mwake. Halikutajwa kwa miaka kumi na mmoja.

Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima. Kisha kipindi kikakaribia mwisho, na shuleni kila mtu akawa anakizungumzia. Msichana mmoja wa darasa letu alikaa Ayany, mtaa wa jirani, katika nyumba ya mawe yenye geti, na kwao televisheni ilikuwa ya rangi. Alikuwa na kawaida ya kuchagua nani aende kwao, na wiki ile ya mwisho akanichagua mimi.

"Niaje, utakuja Alhamisi?" aliniuliza. "Tuone mwisho pamoja."

Nilisema ndiyo kabla sijafikiri. Jumatano jioni, nikiwa nachota maji, Habuba alinisimamisha mlangoni pake.

"Kesho ndiyo mwisho, nasikia. Mama na mtoto watakutana."

"Ndiyo, Habuba."

"Usichelewe. Nitapika mandazi."

Nikamwambia sitachelewa.

Alhamisi nilitoka shuleni nikaenda Ayany moja kwa moja, bado na sare. Sikumbuki nyumba ile vizuri, isipokuwa kwamba viti vilikuwa laini mno hata sikujua niketi vipi, na kwamba Msichana wa Farasi alikuwa na nywele nyekundu. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona akiwa wa kijivu. Kulikuwa na wasichana watatu wengine, wote Kiingereza chao ni cha shule za nasari za kulipia. Mama wa Ngazi alipotokea, akiwa amelazwa hospitalini, nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, "Sasa atamsamehe binti yake."

Walinigeukia.

"Binti yake nani?"

"Huyo wa farasi."

Mwenyeji wangu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani, ila alicheka sana. "Wee, hizo stori umetoa wapi? Huyo ni shangazi yake. Mama yake alikufa hata kabla kipindi kianze. Na hakumfukuza, yule msichana alitoroka na urithi."

"Barua je?"

"Barua gani?"

Hapakuwa na barua. Mwaka mzima wa Jumanne na Alhamisi, hapakuwa na barua hata moja, wala kabati. Nilitazama kipindi hadi mwisho uso ukiniwaka, na sikusikia neno. Shangazi alimshika msichana mkono akamwambia jambo, wakalia wote wawili, muziki ukaingia, basi. Hadi leo sijui alisema nini.

Nilirudi Lindi adhana ikiwa imekwisha. Mlango wa Habuba ulikuwa wazi na taa inawaka, nami nikapita nyuma ya bafu za ploti asinione. Mama aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema shule. Alinitazama kidogo. "Mama amekuulizia mara tatu," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Asubuhi Habuba aliningoja langoni. Alikuwa amefunga mandazi kwenye karatasi.

"Hukuja," alisema. Hakuwa na hasira. "Nimeona wakishikana mikono. Nimeona yule mama akisema kitu. Alimwambia nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, au ya kutunga mara moja ya mwisho. Lolote kati ya hayo mawili lingekuwa bora kuliko nilichofanya. Niliona wale wasichana wakicheka, nikajiona mjinga, na badala ya kujikasirikia mwenyewe nikamkasirikia yeye, kwa kuniamini.

"Sijui, Habuba. Sikutazama. Nilikuwa na homework. Na hicho ni kipindi tu, si watu wa kweli."

Alisema, "Haya." Akanipa mandazi. Nilikula njiani kuelekea shule, yote manne.

Sikukaa tena kwenye mkeka ule. Kipindi kingine kilipoanza, aliniita mara mbili, nikasema nina mtihani. Hakuita mara ya tatu. Mwaka uliofuata mama alipata kibanda cha kushonea Kawangware, tukahamia sehemu ya huko iitwayo Kongo, na siku ya kuhama Habuba alimpa mama kifuniko cha chakula alichokisuka kwa ukindu wa rangi. Mimi nilikuwa juu ya mkokoteni, nimeshikilia godoro. Nilimpungia mkono.

Mwaka huu nilirudi Lindi. Nina umri wa miaka thelathini na tatu, na nilikuwa nimejiambia muda mrefu kwamba nitaenda kumwona nimwambie ile habari ya shangazi, tucheke. Ploti haipo, barabara imepita pale. Muuza mkaa aliyebaki upande wa pili aliniambia Habuba alifariki siku nyingi, na kwamba nikitaka habari zake nimtafute bintiye, Kawangware. Akanisimulia jinsi binti huyo alivyofukuzwa, habari ambayo sikuwahi kuisikia, kisha akanielekeza. Nilisimama pale nikisikiliza maelekezo, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyotambua ile njia. Binti wa Habuba alikuwa ameishi mistari minne ya nyumba kutoka kwetu, Kongo, miaka yote tuliyokaa kule. Huenda nilinunua mboga nikiwa nimesimama kando yake.

Nilikwenda Jumapili. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani, na mumewe fundi alitupisha sebule akatoka. Nilimwambia mimi ni nani.

"Wewe ndiye mtoto wa Kizungu," alisema, akatabasamu.

Aliniambia kwamba miezi kadhaa baada ya sisi kuhama, mama yake alifika Kawangware mchana mmoja, bila taarifa, amebeba kifuniko cha ukindu. Alikaa pembeni mwa kiti. Aliuliza watoto wanasoma darasa gani, akala wali kidogo, akaondoka kabla ya alasiri. Akaja tena, akaja tena. Baadaye akaanza kuwachukua wajukuu wakati wa likizo.

"Aliwahi kukuomba msamaha?" niliuliza.

"Hapana. Wala mimi sikumwomba. Tulizungumza habari za mvua." Alivua miwani akaifuta. "Mwisho akaugua, tukamuuguza, akaenda. Kila mtu na lake moyoni."

Kisha akakumbuka jambo, akacheka. Kile kipindi kilirudiwa na kituo kingine, na msichana wake mkubwa, aliyekuwa likizo kwa nyanya yake, akawa anamtafsiria. Msichana alikuwa hodari wa Kiingereza. Akamweleza nyanya kwamba yule wa ngazi ni shangazi, si mama. Habuba akamwambia, "Wewe huelewi Kizungu. Hapa kulikuwa na mtoto aliyekuwa anaelewa." Akamtuma akaoshe vyombo. Msichana alinuna likizo nzima.

Ndipo nikamwambia yote. Barua, kabati, kunusa, Ayany, homework. Nilimwambia kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikifikiri juu ya asubuhi ile, na kwamba sasa, baada ya kujua kuhusu yeye, ni mbaya zaidi. Mama yake alikuwa ameniuliza mama anamwambia nini mtoto aliyemfukuza, nami ningeweza kumpa neno lolote, na nikamwambia sikutazama.

Alivaa tena miwani yake. Jirani alikuwa akigonga misumari mahali fulani.

"Usijibebeshe hiyo," alisema. "Mama hakuwa mtu wa kungoja televisheni imfundishe kusema. Angekuwa na neno, angelisema." Kisha akaongeza, polepole zaidi, "Lakini ungeenda tu ukakaa naye. Hata ungekaa kimya. Alipenda kukaa na wewe."

Nikasema ndiyo.

Alinisindikiza hadi kwenye duka la kona, kama watu wanavyosindikizana. Aliniuliza kama nina mtoto, nikamwambia ninaye mmoja, msichana wa miaka saba. "Mlete siku moja," alisema. "Wajukuu wangu wako hapa kila Jumamosi." Nilimwahidi. Tangu hapo amenipigia simu mara mbili kuniuliza, na mara zote mbili nimemwambia wiki ijayo. Bado sijampeleka.