Dole la Mwimbaji

Nilipokuwa nafundisha kisomo Masanze, darasa letu lilikuwa ghala la pamba. Wanafunzi wangu, watu wazima wote, walirudi nyumbani na nyuzi nyeupe kichwani, kama waliozeeka ghafla kwa kusoma.

Aliyewapita wenzake alikuwa mama mmoja wa watoto watano. Mumewe alimkatalia kisomo miezi mingi, mpaka redio ilipoanza kupiga wimbo wa mwimbaji mmoja wa bendi ya Morogoro, wa kuwahimiza watu wazima wajifunze kusoma. Mume alimpenda mwimbaji yule mno, hata nywele alichana kama yeye. "Kama amesema yeye, nenda," alimwambia mkewe. Ruhusa yote ilisimama juu ya wimbo huo.

Wiki moja kabla ya mtihani, bendi ilikuja Kilosa kupiga dansi, ikapitishwa kijijini kwetu kusalimia. Kila mgeni alianzia ofisini, kutia sahihi kitabu cha wageni. Hata bwana shamba, aliyekuja kila Jumanne, alitia sahihi kila Jumanne. Nilikuwepo. Mama yule alikuwa ameleta maji ya kunywa, na mumewe alichungulia dirishani. Mwimbaji alikitazama kitabu, akatabasamu, akanyoosha dole gumba, taratibu, kama mtu aliyezoea. Katibu wa kijiji akamsogezea wino, kisha akamjazia jina na kazi.

Kesho yake mama hakuja darasani. Wala keshokutwa. Nikaenda kwao. Alikuwa anapukuchua mahindi, mumewe ameketi kizingitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Umemfuata mwanafunzi? Hayupo. Yupo mke wangu."

"Mtihani ni Jumamosi."

"Yule bwana katuuzia dawa asiyoinywa mwenyewe. Mimi nimetoa mtu shambani kwa ajili ya dole?"

Mimi ndiye niliyefungua kila somo kwa wimbo ule.

Mkewe aliendelea kupukuchua. "Unajua wamemwandika nani?" alimuuliza mumewe, bila kuinua kichwa.

"Wapi?"

"Pembeni ya dole, penye kazi yake."

"Mwimbaji, si ndiyo?"

"Mkulima."

Mume alimgeukia. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu, nikasoma."

Ndipo nikakumbuka kwamba katibu alimwandika hivyo kila mtu. Kalamu yake ilikwishazoea njia.

"Mkulima," mume alirudia. "Na viatu vile?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Shamba lake anamlimia nani, nyani?" Akacheka peke yake, muda mrefu, huku anamtazama mkewe kama mtu anayekadiria gunia asilojua uzito wake. Punje za mahindi ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Kisha akaniuliza, "Jumamosi saa ngapi?"

Mama alifaulu. Katika mkutano wa kijiji uliofuata, aliandika jina lake kwenye orodha ya mahudhurio kwa herufi zilizoinama upande mmoja, kama mahindi baada ya upepo. Mumewe alisubiri amalize, akiufuata mkono wake kwa macho. Nilimwambia kwamba darasani nafasi bado ipo.

Alinishukuru kwa adabu, akachovya dole kwenye wino.

"Mimi, mwalimu, bado namfuata mwimbaji."